Familia ya Mfano

Matroni alijua watu wa ustawi wa jamii wanakuja pale alipoanza kunukia. Siku nyingine zote alinuka, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe, maana miguu ilikuwa imezeeka lakini pua ilikataa. Asubuhi hiyo mke wa mpwa wake aliingia stoo ameziba pua kwa mtandio, akamvua gauni bila hata kumsalimia, akampangusa uso, shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji baridi. Mgongo hakuugusa. Mgongo wageni hawauoni. Kisha akachukua chupa ya marashi, akammiminia mpaka macho yakamwasha.

"Leo tusiaibishane, shangazi," alisema. Moyoni Matroni alimwita Bi Marashi, na hakuona sababu ya kumtafutia jina jingine.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya jiko, kilichojengwa zamani kwa ajili ya mkaa na masufuria makubwa. Sasa upande mmoja liliwekwa godoro la Matroni, na upande wa pili, nyuma ya ubao, walilelewa vifaranga wa kuku wa nyama. Mpwa wake alikuwa amejiingiza kwenye biashara hiyo, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: vifaranga aliwatunza. Walikuwa na taa ya kuwapa joto. Maji yao yalibadilishwa asubuhi na jioni. Maranda waliyolalia, yale mabaki ya randa kutoka kwa seremala, yalizolewa na kuwekwa mapya kabla hayajaanza kunuka, kwa sababu kuku akilala pachafu anaugua, na akiugua ni hasara. Shuka la Matroni halikuwa na bahati hiyo. Maranda yalipomwagwa, mengine yaliruka ubao yakamwingia kitandani, yakapenya ndani ya nguo, na yakakaa humo humo. Kuna siku alilala akimtazama kifaranga mmoja anavyokunywa maji, yeye akameza mate makavu, akajiuliza kama kweli duniani kuna watu wenye macho.

Maji yeye alipimiwa. "Ukinywa utalowana," Bi Marashi alimwambia, "na nepi si za kuchezea." Nepi hizo za wazee zililetwa na ofisi ya ustawi, maboksi kwa maboksi, pamoja na glavu na mafuta ya kupaka ngozi isichubuke. Matroni aliyaona maboksi yakiingia, kisha akayaona yakitoka, mikononi mwa shoga wa Bi Marashi mwenye duka la dawa. Yeye aliachiwa nepi moja, ya kutwa kucha. Kama hujawahi kukaa ndani ya mkojo wako tangu asubuhi mpaka asubuhi, shukuru, wala usiombe kuelezwa.

Na huyu hakuwa mtu wa kuzoea uchafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni wa bweni la wasichana, ndiyo maana mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo hata baada ya kustaafu. Wasichana walimwogopa kuliko mitihani. Aliinua magodoro, alinusa soksi, na siku ya ukaguzi hakuitangaza hata mara moja, maana ukimwambia mtu unakuja kukagua, utakagua kile alichokuandalia. Ofisi ya ustawi yenyewe ilikuwa na adabu zake. Ilipiga simu kwanza. Na simu ilimpigia nani? Mpwa. "Tutapita Alhamisi, kaka, mtakuwepo?" Watakosaje kuwepo! Funika kombe mwanaharamu apite.

Nyumba ilikuwa ya Matroni. Aliijenga mwenyewe chumba kwa chumba, na humo ndimo alimomlea mpwa huyo, mtoto wa kaka yake, aliyeachwa bila baba wala mama wakati bado hajui kufunga vifungo vya shati. Alimsugua mapunye kichwani kwa mikono yake. Alimfulia mashuka aliyokojolea mpaka akawa mkubwa wa kuona haya, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo siku Matroni alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, na mpwa akaja na mkewe kumwangalia shangazi, mtaa ulisifu: huyo ndiye mtoto! Walianzia chumba cha wageni. Baadaye chumba cha wageni kikaonekana kina unyevu, wakahamia kile cha Matroni, chenye dirisha kubwa na kitanda cha mbao ngumu, na Matroni akapelekwa kwenye unyevu. Kisha ikagundulika kwamba unyevu si neno, ila stoo iko karibu zaidi na choo, na mgonjwa ni choo. Ndivyo mtu anavyofukuzwa kwenye nyumba yake bila kuvuka kizingiti.

Kusema, alishawahi kusema. Katika ziara moja alimshika mkono yule afisa wa ustawi, binti mwenye sauti laini aliyekuja kila mara na simu yake ya kujazia majibu, akamwambia, "Mwanangu, mimi silali humu. Nalala stoo na kuku."

Bi Marashi akacheka kidogo, kicheko cha huruma, akajifuta jicho lisilo na chozi. "Juzi alisema analala ikulu," alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Kichwa ndiyo hivyo tena. Tunamvumilia tu."

Afisa akamtazama Matroni kwa macho yale ya kumtazamia mtoto aliyejikwaa, akabofya kitu kwenye simu. Tangu siku hiyo neno la Matroni halikuwa na mnunuzi. Angesema jua linachomoza mashariki, wangeulizana kwanza.

Mpwa siku hiyo alikuwa ametoka kununua soda za wageni. Matroni aliing'ang'ania soda hiyo kweli kweli, kama ushahidi wa kumtetea. Alijiambia kwamba angekuwepo, asingekubali. Alijiambia kwamba mwanamume atajua wapi mambo ya nepi. Kwamba anapokuja stoo kulisha vifaranga anasimama upande wao wa ubao, taa inammulika usoni, upande wa huku haoni vizuri. Kwamba mke ndiye shetani na yeye ni mume tu, na waume wangapi wanajua kinachopita jikoni kwao? Alijua anajidanganya, lakini aliyemlea mtoto kwa mikono yake hana haraka ya kumwona nyoka.

Asubuhi hiyo mpwa alikuja kumbeba. "Shangazi, twende," alisema akitazama dari. Alimwinua kama gunia la unga lililopasuka, huku amegeuza uso pembeni. Matroni alikuwa amelazwa kifuani pake, sikio limegusa shati, akasikia kwamba kifua kile hakipandi wala hakishuki. Alikuwa amebana pumzi tangu mlangoni mwa stoo mpaka ukumbini.

Ukumbini kulikuwa na kitu kipya. Kitambaa kirefu kilitundikwa ukutani, kimeandikwa kwa maandishi makubwa ya kijani: FAMILIA YA MFANO KATIKA KUWATUNZA WAZEE. Kochi lilivikwa kitambaa cheupe. Mezani kulikuwa na majagi ya juisi na bilauri zilizopinduliwa juu ya trei. Matroni alisoma yale maandishi mara mbili, akajisikia nyongo inampanda mpaka kooni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila mkakasi huu ulikuwa na nepi.

"Ofisi imetuchagua," alisema Bi Marashi akilinyoosha gauni jipya lenye zipu mgongoni alilomvalisha kule stoo, maana la kuvalia kichwani lingehitaji kumnyoosha mikono. "Shangazi, ukianza maneno yako ya kuku leo, wallahi utajuta. Wewe tabasamu."

Wageni waliingia na viatu vyao vya kung'aa. Alikuwepo Mkuu wa ofisi, mwanamume mwenye kitambi cha heshima na leso ya kufutia jasho. Alikuwepo mpiga picha. Na nyuma yao yule binti, afisa wa ustawi, amebeba blanketi la zawadi ndani ya mfuko wa nailoni. Majirani wachache walijibana mlangoni. Mkuu alimwinamia Matroni akamsemesha kwa sauti ya juu, kama vile kilichovunjika ni masikio.

"Bibi yetu hajambo? Bibi amekula? Eeh? Bibi amependeza!"

"Sijambo," alisema Matroni. Ila Mkuu alikuwa ameshageukia upande wa Bi Marashi kupokea jibu.

Hotuba ikaanza. Ilikuwa hotuba ya mtu anayelipenda koo lake. Akasema wazee ni hazina. Akasema wazee ni maktaba. Akasema zamani ni zamani na sasa ni sasa, na kwamba vijana wa leo wangapi wanaweza kumbeba shangazi yao mikononi kama mpwa huyu? Mpwa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Matroni alimtazama yule mtoto aliyemsugua mapunye akipokea makofi, na makofi yale yakamchafua roho kuliko harufu yoyote ya stoo. Kisha Mkuu akatamka jambo lililomfanya asahau hata mgongo unaomuuma.

"Na kwa kuwa familia hii imetuonyesha mfano," alisema, "kuanzia leo tunaiondoa kwenye orodha ya ziara. Hapa hapana cha kukagua. Tutakuwa tunapiga simu tu, kumjulia hali bibi."

Bi Marashi akapiga kigelegele.

Matroni alielewa. Zile ziara, pamoja na uongo wake wote, ndizo zilizomtoa stoo. Mgeni njoo mwenyeji apone: siku za wageni alilala kitandani kwa saa mbili tatu, akala chakula cha moto, akapata nepi kavu. Zikikoma, hatatoka tena stoo ila kwa kubebwa na watu wanne. Atafia upande wa pili wa ubao, na vifaranga watabadilishiwa maranda siku hiyo hiyo.

Kusema hakungesaidia, alishasema. Basi akafikiri haraka, akili ile ile iliyoambiwa imeharibika, akanyoosha mkono kwenye trei. Juisi ilikuwa imemiminwa kwa ajili ya picha. Akanywa bilauri moja yote. Akachukua ya pili.

"Shangazi, taratibu," Bi Marashi alisema huku anatabasamu kwa meno. "Daktari alikataza."

"Daktari yupi?" aliuliza Matroni akafuta mdomo, akachukua ya tatu, iliyokuwa ya Mkuu. Majirani wakacheka. Mbele za watu nani atamnyang'anya mzee juisi?

Hotuba bado ilikuwa na mkia mrefu. Mpwa akaitwa kusema maneno machache, akasema mengi: jinsi anavyoamka usiku kumgeuza shangazi, jinsi ambavyo kwake hii si kazi bali ni thawabu. Matroni aliyasikiliza maneno hayo huku tumbo la chini linamkaza, na hakujua kipi kinamuuma zaidi. Mpwa alipotaja neno "usafi", Matroni akainua mkono.

"Nataka kwenda haja," alisema.

Bi Marashi akacheka haraka. "Usijali shangazi, umevaa nepi. Malizia tu hapo hapo."

Alisema hivyo mbele ya Mkuu, mbele ya majirani, mbele ya kamera. Hata Mkuu alikohoa. Matroni, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana nje ya chumba chake bila kufunga kitambaa kichwani, alihisi uso unamwaka kwa aibu na hasira. Lakini aliyameza, maana alichokuwa akikitafuta kilikuwa kimeshafika.

"Sijafika umri wa kujikojolea mbele ya wageni," alisema. "Nipelekeni."

Bi Marashi akasimama mara moja. "Twende basi."

"Si wewe." Matroni alimnyooshea kidole binti wa ustawi. "Wewe, mjukuu wangu. Nipeleke wewe."

Binti akashtuka. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali na kubofya majibu. Katika ziara zote hakuwahi kumgusa mzee hata mmoja zaidi ya kumpa mkono, na hakuna aliyewahi kumwambia amguse. Akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama saa.

"Mgeni hampeleki mtu chooni jamani, ni aibu kwetu," alisema Bi Marashi.

"Aibu ni mimi kulowanisha kochi," alisema Matroni. "Na naona itafika kabla hamjamaliza kubishana."

Hilo ndilo lililomwinua binti. Aliweka blanketi chini, akampitishia Matroni mkono kwapani, wakajikokota mpaka bafuni, huku Bi Marashi anawafuata kwa nyuma akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Matroni akaingia, akamvuta binti ndani, akasukuma komeo.

"Shangazi! Fungua, taulo hii hapa!"

"Tuna taulo," alisema Matroni.

Kule ndani marashi yalikosa upepo wa kuyasaidia. Binti alimshika kiuno ili ampandishe gauni, mkono wake ukagusa kitu chenye majimaji, akautoa upesi. Akafungua zipu atazame. Begani, mfupa unapotokeza, kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisoda. Chini, mwanzo wa makalio, kilikuwepo kingine, na hicho hakuna haja ya kukipima. Ulikuwa mdomo uliofunguka, pembeni weusi, ndani rangi ya nyama ya buchani iliyolala. Usaha ulikuwa umegandana na gauni jipya. Na ndani ya usaha, yamenata, yamevimba kwa unyevu, mapande membamba ya mbao yaliyojikunja.

"Bibi," alisema binti, na ile sauti laini haikuwepo tena. "Hii ni nini? Ni... ni maranda?"

"Ya vifaranga."

"Vifaranga wako wapi?"

"Ninakolala. Nilikwambia."

Binti akageuka, akainamia sinki, akatapika kifungua kinywa chote na juisi juu yake. Matroni, ameshika ukuta, alimtazama bila kinyongo. Tangu aanguke alikuwa ameonewa huruma, ameombewa dua, ameitwa hazina na maktaba. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu kama inavyostahili.

"Tapika, mwanangu," alisema. "Umechelewa, lakini tapika."

Binti alipomaliza aliosha mikono, akaiosha tena, akamsaidia Matroni kufanya haja yake, safari hii bila kuvuta mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Kisha akafungua komeo, akampita Bi Marashi kama kiti, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Mlango wa stoo ulisikika ukilia. Vifaranga wakapiga kelele. Alikaa huko kidogo tu, akarudi amejiziba mdomo.

Mkuu alikuwa ameshafika kwenye korido ya bafuni kuuliza kulikoni. Matroni alikuwa ameketi palepale juu ya choo, mlango umeachwa nusu wazi, na masikio yake yalikuwa mazima, chochote alichodhani Mkuu.

"Ana vidonda vya kuoza, mkuu. Analala na kuku. Godoro limelowa mpaka sakafuni."

"Punguza sauti."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Sikia," alisema Mkuu, leso inafanya kazi. "Taarifa imeshapanda juu. Mpiga picha yuko hapa. Tupige picha zetu tumalize, halafu haya mengine tutayashughulikia kimya kimya. Kesho namtafutia nafasi kwenye makao ya wazee, tunamhamisha. Huko atatunzwa. Si ndivyo unavyotaka?"

Binti aliuliza makao yenyewe yako wapi, na katika swali hilo Matroni alisikia kwamba wazo hilo limeanza kumkaa. Kumbe ndivyo ulinzi wao ulivyo! Mwizi akikuta mwenye nyumba ndani, atolewe mwenye nyumba. Mpwa abaki na kitanda, na dirisha, na vifaranga, na kitambaa cha kijani ukutani. Mchafu aondolewe ili nyumba iwe safi. Alichefukwa mpaka akasikia juisi inarudi.

"Njoo unitoe hapa," aliita. "Nirudisheni ukumbini. Mnataka picha? Nitapiga."

Mkuu akapumua. "Unaona? Bibi mwenyewe yuko tayari."

Wakamrudisha kwenye kochi jeupe. Mpwa akasimama kulia, Bi Marashi kushoto ameshamshika bega, lile lile lenye kidonda, na Matroni akauma meno. Mkuu akajipanga nyuma na cheti cha kuikabidhi familia. Mpiga picha akainua kamera. "Tabasamu, bibi!"

"Ngoja," alisema Matroni. "Nimekaa vibaya."

Akashika mkono wa kochi, akajigeuza kidogo kidogo, kwa maumivu yaliyomtoa jasho, mpaka uso wake ukatazama ukuta na mgongo ukatazama watu. Wote walidhani kichwa ndiyo hivyo tena. Bi Marashi akaanza kucheka kicheko chake cha huruma.

"Mjukuu wangu," alisema Matroni kwa ukuta. "Nifungulie zipu."

Mwanamke aliyewafundisha wasichana wa watu kubadilisha nguo chini ya shuka alikuwa anaomba avuliwe mbele ya wanaume. Aibu ilimtafuna, na hatuwezi kusema haikumtafuna. Alifumba macho kwa nguvu. Lakini aibu hii haikuwa yake. Alibebeshwa kwa muda mrefu, na leo alikuwa anaitua mlangoni mwa wenyewe.

Binti alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Binti akapiga magoti mbele ya kochi, mgongoni kwa Matroni, akaishusha zipu yote.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jirani mmoja mlangoni alisema "Mungu wangu!" akatoka nje mbio. Mwingine akaanza kulia kwa sauti. Mpiga picha alishusha kamera.

"Pigeni," alisema Matroni. "Si mmekuja kupiga picha?"

"Piga," alisema binti, na sasa alikuwa amesimama. "Piga, na hiyo ndiyo nitakayoiambatanisha. Nitaandika nilichokiona mimi na nitatia saini yangu mimi. Naita zahanati waje hapa hapa, na naita polisi. Na bibi hahamishwi. Wanaohama ni hawa."

"Utajibu kwa hili," alisema Mkuu.

"Nitajibu. Na wewe utaulizwa kwa nini ulitaka kupiga nyingine kwanza."

Kamera ikalia. Mkuu alikitazama cheti mkononi mwake kama kitu alichookota njiani, akakikunja, akatia mfukoni, akatoka bila kumuaga mtu. Aliyemtungia hotuba ile hakumwekea ya kuondokea.

Ukumbi ukageuka soko. Majirani waliokuwa wakipiga makofi sasa ndio waliokuwa wa kwanza kutukana, na Matroni hakupendezwa nao pia. Walipita mbele ya nyumba ile kila siku, na pua walikuwa nazo. Bi Marashi alilia, akasema ameonewa, akasema yeye ni mtoto wa watu, akasema muulizeni mume wangu. Kisha akakimbilia chumbani kufungasha, na mtu aliyekuwa dirishani alisema kitu cha kwanza kuingia kwenye begi zilikuwa chupa za marashi.

Binti alikuwa amemfunika Matroni kwa lile blanketi jipya, akatoka barazani kupiga simu zake. Ndipo mpwa alipokuja. Alipiga magoti pale sakafuni, akashika ncha ya blanketi. Alikuwa analia kweli, kamasi zinamshuka kama zile za utotoni, na moyo wa Matroni, pamoja na yote, ukasogea. Mkono wake ulianza kuinuka wenyewe kumfuta. Bado Matroni alikuwa na ile soda ya kumtetea nayo. Aseme tu kwamba hakujua, aliwaza. Aseme hata kwa uongo, mke wangu alinificha, shangazi, sikuwahi kutazama upande ule. Nitamwamini. Najijua, nitamwamini.

"Shangazi nisamehe," mpwa alisema. "Usitufukuze. Tutaenda wapi? Rudi chumbani kwako leo leo. Sisi tutalala stoo. Mimi na mke wangu, tuko tayari, tutalala stoo miezi yote uliyolala wewe, ndiyo iwe adhabu yetu."

Mkono wa Matroni ukasimama hewani.

"Adhabu," alisema.

"Ndiyo shangazi. Adhabu yoyote."

Kichefuchefu alichokuwa nacho Matroni asubuhi yote kilikuwa cha harufu, na cha maneno ya Mkuu, na cha mikono ya Bi Marashi. Hiki kilikuwa kipya, kilitoka chini kabisa, kikapita mahali ambapo alikuwa amemweka mtoto huyu tangu akiwa hajui kufunga vifungo, na kilipopita hakikuacha kitu.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema, "kwamba mle si mahali pa kulala mtu."

Mpwa akaiachia ncha ya blanketi.

Matroni akaurudisha mkono chini ya blanketi. Akamwita binti kule barazani, akamwambia wakifika watu wa zahanati wapitishwe chumba chenye dirisha kubwa, na kabla hawajamlaza, shuka la huyu bwana litolewe kitandani, na mto wake pia.